Jinsi ya kutengeneza kozi ya masafa ambayo mtu ataimaliza kweli, na mbunifu wa kozi ana kazi gani sasa hivi AI imeshaingia

Siku hizi kila chuo, kila NGO na kila benki inataka kozi ya mtandaoni, na namna wanavyoitengeneza unaijua. Slaidi za mwalimu zinageuzwa PDF, zinapandishwa kwenye Moodle, ule mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni, pamoja na video ya saa zima ya mwalimu huyohuyo akizisoma slaidi hizohizo, alafu mwishoni inawekwa kwizi ya kweli au si kweli na hapo wanasema kozi imekamilika. Wiki ya tatu wanafunzi wameshayeyuka na kwenye kikao lawama zote anabebeshwa intaneti. Sawa, bando ni ghali na mtandao unakata, hilo halina ubishi, lakini hata ungewapa wanafunzi hao wifi ya bure mpaka chumbani wengi bado wangeyeyuka, kwasababu ile kozi haikuwapa chochote cha kufanya zaidi ya kusoma na kubonyeza "endelea".

Maelezo haya ni ya mwalimu aliyeitwa ofisini akaambiwa apeleke somo lake mtandaoni, na pia ya yule anayetaka kula kwa kazi hii ya ubunifu wa kozi. Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho ili tusiongee hewani: kozi ya wahazini wa SACCOS na vikundi vya kuweka na kukopa, na ndani ya kozi hiyo somo moja tu, usuluhisho wa benki, yaani mwisho wa mwezi unachukua daftari lako la fedha na taarifa ya benki, hazifanani, unatafuta kwanini.

Mfano huu sijauokota tu njiani. Elimu ya masafa kwa Tanzania ilianza na watu kama hawa, Moshi mwaka 1964 kituo cha elimu ya ushirika kilikuwa kinatuma masomo kwa posta kwa wanaushirika na watumishi wa vyama, miaka karibu 30 kabla ya sheria ya mwaka 1992 iliyoanzisha Chuo Kikuu Huria. Kwahiyo mtu akikwambia hii ni teknolojia mpya kutoka nje mwambie atulie, babu zetu walishasoma mizania kwa bahasha.

Anza na kosa, mada itafuata

Mwalimu akija kwako atakuja na orodha ya mada. Maana ya daftari la fedha, umuhimu wa daftari la fedha, aina za daftari la fedha, historia yake, unajua zinavyokuwa. Usianze kuzipanga. Muulize maswali mengine kabisa: mhazini mpya akianza kazi Jumatatu, kitu gani atakosea kwanza? Kosa gani likitokea wanachama wanaanza kunong'onezana kwamba hela zimeliwa? Mkaguzi akija anafungua ukurasa gani kwanza? Mtu aliyefanya kazi miaka mingi haya anayajibu bila kufikiri, na hapo ndo kozi ilipo, wakati ile orodha ya mada ukiiangalia vizuri ni faharasa ya kitabu alichosomea chuoni.

Kwa mhazini wetu majibu yatakuja hivi: anasahau kuingiza makato ya benki kwasababu hana risiti mkononi, anashindwa kuelewa hundi aliyotoa tarehe 28 mbona haijatoka kwenye akaunti, na mbaya kuliko zote, akiona tofauti anaandika namba yoyote ili hesabu zilingane. Makosa matatu. Somo lako lina sehemu tatu. Umuhimu wa daftari la fedha weka pembeni, mtu aliyepewa ufunguo wa sanduku la kikundi anajua umuhimu kuliko wewe.

Alafu andika sentensi moja tu ya lengo na iwe ni kitu unachoweza kumwona mtu akikifanya. "Aelewe usuluhisho wa benki" haifai, kuelewa unakuonaje? Andika "apewe daftari la mwezi mmoja na taarifa ya benki ya mwezi huo, ataje kila tofauti imetoka wapi na atoe salio sahihi". Ukishakuwa na sentensi hiyo mabishano mengi na mwalimu yanaisha, akitaka kuongeza slaidi 40 unamuuliza tu hizi zinamsaidiaje kutoa salio sahihi.

Jua simu yake kabla hujagusa programu yoyote

Hapa fanya hesabu kwa kalamu. Video ya ubora wa 720p inayokula kilobiti 1,500 kwa sekunde, saa moja yake ni karibu MB 675. Video ya dakika 6 iliyobanwa mpaka kilobiti 500 ni kama MB 22. Sauti peke yake kwa kilobiti 32, dakika 10 ni MB 2.4 tu. Sasa mweke mhazini wa Namtumbo au wa Kwale mbele yako na bando lake la wiki alafu amua mwenyewe. Watu wengi wakishaziona namba hizi wanaacha kuomba studio.

Na sio MB tu. Simu ni ya nani? Kama ni ya familia nzima, jioni iko na watoto. Anasoma saa ngapi, akiwa kwenye daladala au ameshalala chali amechoka? Anaweza kupakua akiwa mjini siku ya soko alafu akasomea nyumbani bila mtandao? Moodle ina apu inayoruhusu kupakua somo na kulifanya nje ya mtandao, na Kolibri imetengenezwa makusudi kwa sehemu zisizo na intaneti, unaiweka kwenye kompyuta moja ya kituo na simu za jirani zinasoma kutoka pale. Vitu hivi vipo na ni vya bure, shida ni kwamba anayetengeneza kozi anakaa ofisini kwenye wifi na laptopu ya inchi 15 na hajawahi kuifungua kozi yake kwenye simu ya bei ya chini yenye kioo kilichopasuka.

Nichomekee hapa: Moodle aliitengeneza Martin Dougiamas wa Australia, toleo la kwanza kamili likatoka 2002, na yeye mwenyewe utotoni alikulia jangwani huko akisoma kwa masafa kupitia redio kwasababu shule ilikuwa mbali mno. Kwahiyo ule mfumo unaoulaani kila siku ulitengenezwa na mtoto wa kozi ya masafa, tatizo ni jinsi tunavyoutumia kama stoo ya PDF.

Na kama wanafunzi wako wote wako WhatsApp na wamezoea huko, usione aibu kuiendesha kozi WhatsApp. Utapoteza ripoti nzuri za mfumo, utapata watu. Mimi kwa wahazini ningefanya hivyo kabisa, somo kwa voisi na picha, zoezi kwa ujumbe, Moodle ibaki ya mtihani na cheti.

Kazi yenyewe: mwanafunzi anafanya nini?

Hii sehemu ndo inayotenganisha mbunifu wa kozi na mtu anayejua tu kupamba slaidi kwa programu ya Canva, kwahiyo nitakaa hapa kidogo.

Usimweleze kwanza. Mpe tatizo kwanza, hata kabla hajajua jibu. Somo linafunguka na picha mbili, ukurasa wa daftari na karatasi ya benki, na maneno haya: Daftari lako linasema kuna shilingi 1,840,000. Benki inasema 1,978,000. Kwenye daftari kuna hundi ya 150,000 uliyomlipa fundi tarehe 28 na hajaipeleka benki. Kwenye taarifa ya benki kuna makato ya 12,000 ambayo hukuyaandika. Kikundi kina shilingi ngapi hasa?

Acha ahangaike. Jibu sahihi ni 1,828,000, unalipata ukitoa 12,000 kwenye daftari, na unalipata tena ukitoa 150,000 kwenye salio la benki, njia zote mbili zikikutana pale ndo unajua umepatia. Lakini uzuri wa zoezi hauko kwenye jibu sahihi, uko kwenye majibu mabaya, na hapa ndo unakaa na mwalimu saa nzima mnayawinda. Atakayeandika 1,852,000 ameongeza makato badala ya kutoa. Atakayeandika 2,128,000 amechukua salio la benki akaongezea hundi, yaani hajaelewa kwamba hela ya fundi bado iko benki lakini sio ya kikundi tena. Atakayeandika 1,978,000 ameiamini benki tu basi. Kila mmoja ana ugonjwa wake na kila mmoja anahitaji dawa yake.

Sasa angalia kwizi nyingi zinavyofanya, ukikosea inatokea alama nyekundu na neno "umekosea, jaribu tena". Hiyo inamsaidia nani? Andika hivi kwa yule wa 2,128,000: "Fundi bado hajaenda benki, lakini hundi unayo wewe au anayo yeye? Akienda kesho asubuhi salio la benki litapanda au litashuka? Rudi upige tena." Mistari mitatu tu. Mwalimu aliyeko darasani anafanya hivi bila kujua, anatembea kati ya madawati anachungulia daftari la mtu anasema "hebu angalia hapo". Kwenye masafa mwalimu hayupo, kwahiyo kile kichungulio lazima ukiandike mapema, kwa kila kosa unaloweza kulikisia. Kazi ya kuchosha mno, na mimi nasema ndo kazi nzima ya mbunifu wa kozi, mengine yote ni mapambo.

Kwenye Moodle hii inafanyika bila kuongezea programu yoyote, swali la namba linakuruhusu kuweka jibu zaidi ya moja na kila jibu na mrejesho wake, na swali la kuchagua vilevile. H5P, zana ya kutengenezea mazoezi ya mtandaoni, pia inafanya na inapendeza zaidi kwenye simu. Kwa WhatsApp unaandika majibu yote kwenye faili yako mapema na msaidizi anakopi na kubandika.

Baada ya zoezi ndo maelezo, mafupi, kwasababu sasa mtu anayataka. Alafu zoezi jingine namba tofauti, alafu baada ya siku tatu lingine tena bila maelezo yoyote, na baada ya wiki lingine. Usiogope kuwasumbua. Kuna jaribio la Roediger na Karpicke la mwaka 2006 ambapo waliosoma maandishi tena na tena walifanya vizuri baada ya dakika tano, lakini ilipopita wiki waliojipima kwa kukumbuka ndo waliokuwa wamebaki na kitu kichwani. Na mhazini hatafanya usuluhisho dakika tano baada ya somo, ataufanya mwisho wa mwezi.

Video

Fupi. Utafiti mmoja uliotoka 2014 ulipitia vipindi milioni 6.9 vya watu kutazama video za edX, tovuti ya kozi za mtandaoni, na ukaona baada ya dakika kama sita hivi watu wanaanza kuchoropoka, na video ya darasani iliyokatwakatwa vipande haishiki watu kama ile iliyopangwa tangu mwanzo kwa ajili ya mtandaoni. Kwahiyo kuchukua kurekodi kwa semina ya mwaka jana na kuikata vipande 12 hakukuokoi. Video itumie pale tu ambapo lazima jicho lione kitu kikifanyika, mfano mkono unaotiki mistari ya benki mmoja mmoja kwenye daftari. Sura ya mwalimu iwepo dakika moja ya mwanzo watu wamjue, inatosha, na aongee kama anavyoongea, sio kusoma.

Tafuta mtu wa kukaa katikati

Michael Moore, msomi wa elimu ya masafa ambaye aliwahi kufanya kazi ya elimu ya watu wazima Kenya miaka ya 1960, baadae ndo akaja na nadharia yake kwamba umbali kwenye elimu ya masafa hauhesabiwi kwa kilometa. Unaweza kukaa darasa moja na mwalimu na bado mko mbali, inategemea kuna mazungumzo kiasi gani, kozi imebana au imelegea kiasi gani, na mwanafunzi anaweza kujiongoza kiasi gani. Mwanafunzi mgeni asiyeweza kujiongoza ukimpa kozi iliyolegea na hamna wa kuongea naye, umempoteza. Hiyo tu inaeleza nusu ya kozi zilizokufa.

Na sisi tulishajua namna ya kuziba hilo pengo kabla hamna hata kompyuta. Angalia kampeni ya Mtu ni Afya ya Tanzania mwaka 1973. Watu kama milioni 2 walisoma afya kwa redio ndani ya wiki 12, lakini redio haikuachiwa kazi peke yake. Vikundi vya kusikiliza vilikuwa na viongozi, viongozi hao walifunzwa kabla, wanakadiriwa kufika 75,000, kulikuwa na vijitabu, mnasikiliza kipindi, mnasoma pamoja, mnajadili malaria au kichocho kijijini kwenu kinatoka wapi, alafu mnainuka mnakwenda kufyeka majani na kuchimba choo. Kusikiliza, kusoma, kujadili, kufanya. Chukua kozi yoyote ya kisasa ya mtandaoni uipime kwa vitu hivyo vinne, nyingi zina viwili.

Kwahiyo kwenye bajeti yako kata hela ya video uwalipe wasaidizi. Msaidizi mmoja kwa wanafunzi 25 au 30, kazi yake sio kufundisha upya, ni kujibu maswali ndani ya siku moja na kumtafuta aliyepotea. Mtu asipoonekana siku nne apigiwe simu, apigiwe kabisa, usimtumie imeili ya mfumo inayoanza na "Mpendwa mwanafunzi". Ukimpigia ndo utajua alifiwa, au bando liliisha, au alikwama swali la pili akaona aibu. Hasa wiki mbili za mwanzo, ukimvusha hapo amevuka.

Wakutanishe pia hata mara moja kama inawezekana. Chuo Kikuu Huria hakikuweka vituo mikoani bila sababu, na walimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, waliofunzwa kwa masafa kuanzia 1976 huku wameshashika chaki madarasani walikuwa na posta, redio na watu wa kuwatembelea. Zoom ya Jumamosi sio mbaya, ila iwe ya kufanya hesabu pamoja, wasije kusikiliza hotuba.

AI sasa

Hapa kila mtu ana wasiwasi wake, wengine wanasema kazi ya mbunifu imekwisha. Mimi naona imekwisha kwa yule ambaye kazi yake ilikuwa kubadilisha maandishi ya mwalimu kuwa slaidi nzuri na maswali kumi ya kuchagua, huyo kweli ajipange, maana ChatGPT inafanya hivyo kwa dakika mbili na haichukui posho. Lakini ukirudi juu uangalie ile kazi ya kuwinda makosa, AI haijawahi kukaa kwenye mkutano wa kikundi siku ya kugawana hisa watu wanafokeana, haijui mhazini wa kwenu anaficha nini na kwanini. Itakupa makosa ya kitabuni. Yale ya mtaani unayatoa kwa mtaalamu na kwa wahazini wenyewe, kwa kuwauliza na kwa kuangalia madaftari yao.

Itumie hivi. Ukishakuwa na zoezi lako moja zuri na majibu mabaya matatu na mrejesho wake, mpe AI akutengenezee matoleo 15 ya namba tofauti, na hapo inakuokolea siku nzima. Alafu kagua kila moja kwa kalkuleta, moja moja, kwasababu inaweza kukupa jibu baya kwa kujiamini kabisa. Mwambie akigize mhazini aliyechanganyikiwa na wewe umjibu, utaona mrejesho wako umekaa sawa au unazunguka. Kiswahili chake kipitie kwa sauti, mara nyingi kinakuwa sanifu mno au kinaleta neno ambalo hakuna mhazini amewahi kulisikia, usimwache aite taarifa ya benki jina jingine kila ukurasa.

Kwenye mtihani ndo pagumu. Insha ya "eleza umuhimu wa usuluhisho wa benki" imeshakufa, zote zitakuja zimenyooka na zote zimeandikwa na mashine. Badala yake mwanafunzi apige picha ukurasa wa daftari la kikundi chake mwenyewe, asuluhishe, alafu arekodi voisi ya dakika mbili akieleza kila tofauti imetoka wapi na amemwambia nini mwenyekiti. Msaidizi anasikiliza na anarudisha swali moja la papohapo, "hiyo hundi ya tarehe 30 mbona hujaigusa?" Anayejua atajibu, asiyejua utamjua. Ila majina ya wanachama na namba za akaunti zifichwe kabla ya picha kutumwa, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya wana yao ya 2019, na hata bila sheria hakuna anayependa mkopo wake uonekane kwenye grupu la watu asiowajua. Na picha hizo usizimwage kwenye AI ya bure kutafuta masahihisho.

Jaribu kwa watu watatu kabla hujazindua

Watatu wanatosha kuanzia, wawe wahazini kweli, sio wenzako ofisini. Wape simu zao wenyewe na bando lao, kaa pembeni, funga mdomo. Hii ya kufunga mdomo ni ngumu kuliko unavyodhani, mtu anakwama mahali na wewe kidole kinawasha kumwonyesha kitufe, usimwonyeshe, andika amekwama wapi. Akiuliza "sasa hapa nafanyaje?" hilo swali liandike kama lilivyo kwasababu wengine wote watakwama hapohapo na wewe hutakuwepo. Alafu rekebisha, uwape wengine watatu.

Kozi ikishaanza angalia ripoti, sio ile ya wangapi wameingia, hiyo inafurahisha wafadhili tu. Angalia swali lipi watu wengi wamekosea kwa namna moja. Kama nusu ya darasa imeandika 2,128,000, tatizo ni lako, maelezo ya hundi hayajakaa sawa.

Kama unataka kuishi kwa kazi hii

Vyuo vinaongezeka, Kenya wamefungua Chuo Kikuu Huria chao pale Konza mwaka 2023, mabenki na mashirika nayo yanataka kufundisha wafanyakazi bila kuwapandisha ndege, kwahiyo kazi ipo, ingawa matangazo yanaitaja kwa majina mengi, mara mratibu wa mafunzo ya kidijitali, mara afisa e-learning, na ukisoma ndani unakuta wanataka mtu mmoja awe mwalimu, mpiga video, fundi wa Moodle na msimamizi wa mitihani. Soma majukumu, jina la cheo puuza.

ADDIE, yaani utaratibu wa kutengeneza kozi kwa kuchambua, kubuni, kutengeneza, kutekeleza na kutathmini, utaulizwa kwenye usaili, ilitengenezwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida mwaka 1975 kwa ajili ya jeshi la Marekani, ijue hatua zake tano ukatoe majibu yako. Kitakachokupa kazi ni somo moja, moja tu, linalofunguka kwenye simu ya mtu anayekusaili, na pembeni ukurasa mmoja unaoonyesha toleo la kwanza lilikuwaje, watu watatu walikwama wapi, na ukabadilisha nini. Karibu hakuna anayeleta hicho kitu, wengi wanaleta vyeti na slaidi zinazozunguka.

Ukipata kazi ya mkataba andika mapema mambo matatu maana hapo ndo watu wanagombana: mtaalamu wa mada atatoa saa ngapi kwa wiki na asipotokea nani anabeba ucheleweshaji, marekebisho ni raundi ngapi kabla hujaanza kudai hela nyingine, na nani anaitunza kozi baada ya mwaka mmoja. Hili la mwisho waajiri wanalisahau kabisa. Makato ya benki yanabadilika, fomu za usajili wa vikundi zinabadilika, na kozi isiyo na mwenyewe inaendelea kuwafundisha watu mambo yaliyokwisha. Weka tarehe ya ukaguzi ndani ya mkataba, na bei yake.